Andika Nimonia

Jumatatu, 8 Februari 2021

Wodi ya wanawake ina vitanda kumi. Leo wagonjwa kumi na wanne, na wote wanakohoa kikohozi kimoja — kikavu, cha kukwangua. Mashine ya oksijeni ni moja. Umeme ndio huu wa kuja na kuondoka. Miguu yangu imevimba mpaka viatu haviingii, nimefanya zamu nzima na kandambili. Zuhra, nesi mwenzangu, kasinzia amesimama, paji la uso kwenye kabati la dawa. Nikamwacha. Ningemwamsha ili iweje?

Asubuhi Dokta Abdulhalim, mfawidhi wetu, alituita barazani. Vipimo vinapelekwa Dar na majibu hayajarudi hata moja tangu mwezi uliopita. Mpaka yarudi, anasema, andikeni nimonia, tusitie watu hofu. Zuhra akauliza, na wakifa kabla hayajarudi? Dokta akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Nimonia," akasema. Si mtu mbaya. Macho yake mekundu kama yetu. Ila mkono wangu umeliandika neno hilo mara tisa tangu wiki iliyopita, sasa unaandika wenyewe.

Mama kapiga saa saba mchana, kutoka kisiwani. Siku ya ishirini leo sijaenda kumwona. "Umenisusa, Sabra? Nimekukosea nini?" Nikamwambia zamu nyingi, watu wako likizo. Mwongo mie! Mama ana miaka sitini na sita, ana sukari, na mguu wa kushoto una kidonda kinachogoma kupona. Nikienda nikamkoholea je? Bora aseme nimemsusa.

Jumatano, 10 Februari

Tabu wa usafi kafungua hospitali yake ndani ya hospitali yetu, kwenye chumba cha kufulia. Sufuria la uji wa wagonjwa, mwarobaini, mchaichai, malimao, na majani mengine aliyoyataja kwa Kindengereko sikuyajua. Juu blanketi la wodi. Tunajifukiza wawili wawili. Mie na Zuhra tumetoka humo tumeiva kama kaa. Tukajibanza nyuma ya tangi tuone nani anafuata. Dokta! Katoka anachuruzika jasho, katuona, akasema alikuwa anakagua bomba. Bomba! Zuhra kacheka mpaka kakaa chini. Halafu kicheko kikageuka kikohozi, mie na Tabu tukamtazama.

"Mate tu," kasema. "Nimepaliwa na mate. Jamani!"

Tabu akafunika sufuria.

Kabla ya kulala nimejivika kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni mara sita. Tisini na saba. Tisini na saba. Tisini na sita. Nimekaa kitandani nalilia namba moja iliyopungua. Mtu mzima! Hofu hii inachosha kuliko kazi yenyewe. Kazi ina saa zake, hofu haina zamu.

Alhamisi, 11 Februari

Wametutoka wawili leo. Mmoja alikuwa mwalimu. Sina la kuandika.

Ijumaa, 12 Februari

Leo wameniletea Somo wangu.

Bi Kijakazi! Ndiye aliyeniweka ndani nilipovunja ungo, akanifunza yote ambayo Mama aliona haya kuyasema, na siku ya kunitoa ngoma ikalia mpaka watu wa kisiwa cha pili wakaja kuuliza. Mama akinigombeza mie nakimbilia kwake. Kaja kwa boti mpaka Nyamisati, kisha bajaji mpaka hapa, kamwegemea mwanawe Mrisho.

Kipimo cha kidole: sitini na nane. Nikadhani kimekwisha betri. Nikajivika mwenyewe, tisini na saba. Nikamrudishia. Sitini na saba.

Anasema neno moja, anavuta pumzi tatu. "Mwali wangu... umekonda... nani... anakunyima?" Hali ile, na bado anakagua makalio yangu kwa macho!

Nimemwuliza Mrisho ilianzaje. Kumbe wiki mbili nyuma waliletewa maiti kutoka Dar, mwanamke wa pale pale kisiwani aliyekuwa akiishi huko. Somo ndiye aliyemwosha. Waosha maiti za kike pale ni wawili, yeye na Mama, tangu mie sijazaliwa. Safari ile Mama hakwenda, mguu ulikuwa unamuuma. Nimeingia chooni nikamshukuru Mungu kwa kile kidonda. Ndipo nilipofika, nashukuru kidonda cha mama yangu.

Jumamosi, 13 Februari

Umeme ulikatika saa tatu asubuhi, ukarudi saa sita. Mtungi wa akiba uliisha saa tano. Ile saa moja katikati nimemshika Somo kalala kifudifudi, namsugua mgongo, namsimulia mambo ya kipuuzi. Zuhra anapepea na jalada la faili. Mungu anajua ile saa ilivyokuwa ndefu.

Dokta kaleta karatasi ya rufaa ya Dar. Mrisho akakubali. Somo akakataa kwa kichwa, kisha akanivuta nimwinamie. "Nikifia huko... nani ataniosha?" Nikamwambia hufi. Akanikunja uso, kama zamani nilipokosea nyimbo. "Mwanawetu... ataniosha."

Mwanawetu ni Mama. Ahadi hiyo naijua tangu utotoni, walikuwa wakiitania wakisuka mikeka: atakayetangulia ataoshwa na mwenziwe, na atakayebaki asipoteze maji ovyo. Wakicheka, wakipigana viganja! Nimekwenda kunawa mikono, nikanawa mpaka imechubuka.

Jumapili, 14 Februari

Somo kafariki alfajiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Niandike sawasawa kilichofuata, nisije nikajidanganya baadaye.

Mrisho aliniuliza pale mlangoni. "Dada Sabra, mama kaumwa nini?" Dokta alikuwa nyuma yangu. Nikayaona yote kwa mara moja. Nikilitaja jina la kweli, maiti haitoki, watamzika watu wa mavazi meupe wasiomjua, maji ya mkunazi hakuna, mkono wa mwenziwe hakuna. Na kisiwani watamkimbia Mrisho na nyumba yake. Nikasema nimonia. Akauliza tena, taratibu, kama anayenipa nafasi ya pili: hakuna cha kujihadhari nacho? "Nimonia, Mrisho. Pole sana." Nikatia saini. Saa moja na nusu walikuwa wameshaondoka, wawahi boti kabla maji hayajatoka vijitoni.

Nilikuwa naondoa shuka kitandani ndipo akili ikarudi. Mama!

Lahaula! Wiki tatu na zaidi nimejinyima kumwona ili nisimpelekee. Sasa nimempelekea, nimemfungia kabisa, na karatasi nimetia saini. Simu haipatikani. Kisiwani mtandao unashika pale ubavuni mwa msikiti tu, na Mama simu yake inaishi ndani ya kapu.

Nikamweleza Dokta. Akakaa kitako. Ruhusa hawezi, watu hawatoshi. Akatoka. Akarudi akasimama mlangoni: "Mie leo sijakuona." Nikafungua stoo. Glovu pea nne, barakoa mbili, chupa ya klorini. Nimeiba. Naandika hivyo hivyo, nimeiba.

Sasa niko Nyamisati. Boti ya Saadi ndiyo ya mwisho kabla vijito havijakauka, nayo inasubiri magunia ya unga ya mtu. Magunia ya unga! Nimemwambia Saadi nitamwombea mabaya. Kasema dada, niombee mazuri, mashine yenyewe inakohoa.

Jumatatu, 15 Februari

Niko kisiwani. Niliwahi, kama kule ni kuwahi.

Uani wamezungushia mikeka, maji ya majani ya mkunazi yanafuka, udi umetanda. Somo juu ya kitanda cha kuoshea, kafunikwa kanga. Wanawake wanne wasaidizi, wasichana tu mbele ya umri wa Mama. Yeye kakunja mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko. Kuniona tu: "Umekuja. Nilijua huyu utamjia." Ile *huyu* ilinichoma. Nikataka kumbusu mkono, nikajikuta nimerudi nyuma. Nimesimama mbali na mama yangu mzazi kama mgeni.

Nikatoa glovu. Mama, vaeni hizi. Mmoja akasema mbona yule wa Dar wa mwezi uliopita tulimwosha bila mipira? Mama akanitazama. Muda wa kusoma barua fupi. Kisha akazipokea, akazihesabu, akawagawia wale wanne, pea kwa pea. Barakoa moja kampa Salima, mwenye mimba. Ya pili kanirudishia. "Wewe una wagonjwa wako." Yeye hakuvaa kitu.

"Mama!"

"Sabra, shika kata au toka nje."

Nikashika kata. Mie namwaga, yeye anaosha. Akamwinua, akamkamua tumbo taratibu kama inavyotakiwa, na pumzi iliyobaki ikamtoka Somo mdomoni. Kati ya uso wake na uso wa Mama palikuwa na nafasi ya kiganja. Niliisikia ile pumzi. Mama hakugeuka. Akamfuta mdomo, akasema, "Haya, Kijakazi, haya. Tunamalizia."

Baada ya maziko alikaa kibarazani ananawa, nikamwagia klorini kwenye beseni mpaka akapiga chafya. Ndipo nikasema. Ni ule ugonjwa, Mama. Nilijua, nikaandika mwingine. Akasema naye alijua. Tangu lini? "Tangu siku ya kumi hujaja. Mwanangu hanisusi mie." Nikalia pale pale, wapita njia wakadhani namlilia Somo.

Nikamwuliza, ningelisema mapema ungekataa kumwosha? "Nisingekataa." Basi nikapumua. Akaendelea kunawa. "Ila ningewatoa wale watoto mle ndani. Mie shauri yangu, Kijakazi wangu. Salima ana mimba ya miezi saba, Sabra. Yeye nani kamwuliza?"

Nikamwaga maji ya beseni. Narudi na maji ya mchana.

Jumatano, 17 Februari

Kazini. Wagonjwa kumi na saba. Dokta hajaniuliza kitu na mie sijamwambia kitu. Mama kapiga kutoka msikitini, mzima, kagombana na jirani kuhusu kuku. Mgombane sana, Mama. Siku ya tatu.

Alhamisi, 18 Februari

Mzima. Siku ya nne. Nimelala saa sita, nimeota nanawa.

Ijumaa, 19 Februari

Siku ya tano. Mama mzima, Salima mzima, wale watatu wazima. Nilikuwa nimeanza kula vizuri. Wali na samaki, nikamaliza sahani, Zuhra akanipigia makofi.

Ndipo Mrisho akapiga. Hakunisalimia. Mkewe ana homa siku ya pili, yeye mwenyewe kifua kinabana. "Ulijua?" Ningeweza kusema sikujua. Majibu hayajarudi, ni kweli hayajarudi. Nikasema nilijua. Nasikia mtoto wake analia nyuma. "Nilikuuliza mara mbili, dada." Akakata.

Bora angenitukana. Nimemweleza Zuhra, akasema sote tumeandika, si wewe peke yako. Najua. Lakini Mrisho hakutuuliza sote.

Jumapili, 21 Februari

Mama kapiga saa nne. Anasema ni uchovu wa matanga, watu wengi, kupika kwingi. Mie sikusikiliza maneno, nilisikiliza katikati ya maneno. "Nimechoka... tu... mwanangu." Neno moja, pumzi tatu: hesabu hiyo naijua. Nikamwambia aje leo hii. Akasema mguu. Nikamwambia nakuja mie. Akasema usiache wagonjwa wako kwa ajili ya uchovu wa bibi kizee, kesho atakuwa mzima, na kwanza ana hitma ya Kijakazi Alhamisi, nani atapika?

Nikamwambia Mama, ukikataa naja kukubeba mgongoni, wallahi. Akacheka. Kicheko kikamshinda, hakikufika mwisho. Nikasikia watu wanamwambia akae, akae.

Wamekubali kumleta na maji ya kesho asubuhi. Leo maji yameshatoka.

Jumatatu, 22 Februari

Saa tatu asubuhi Saadi wa boti kapiga. Wamembeba Mama na kitanda cha kamba mpaka bandarini, yuko naye pale, kaegemezwa kwenye mapipa. Anapumua juu juu. Nikasema mpakie, Saadi, unangoja nini? Akashusha sauti.

"Dada, nina abiria kumi na wanane hapa. Mmoja ana kichanga, hata arobaini hajatoka. Wananiuliza mie. Wewe ndiye mtu wa hospitali. Bi mkubwa anaumwa nini?"

Boti nyingine hakuna mpaka kesho. Na Mama kesho haifiki, hilo nalijua kama ninavyojua jina langu. Nikisema nimonia anapakiwa sasa hivi. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, limezoea njia. Namwona Mama pembeni ya mapipa, pumzi zake. Namwona na yule wa kichanga, ambaye simjui hata sura.

Nikasema, "Ni korona, Saadi."

Nikaendelea mbio mbio asije akakata: akae nyuma kabisa, kwenye mashine, upepo umpitie yeye mwisho. Wengine wote mbele, wajifunge nguo puani. Asiyetaka asipande, asilazimishwe mtu, waambie wote, usimfiche hata mmoja. Nikamwambia na wewe jifunge, tafadhali. Nikamwambia ni mama yangu, Saadi, sina mwingine. Hilo sikupanga kulisema.

"Asante kwa kuniambia, dada."

Akakata. Nimepiga mara kumi na moja. Haipatikani.

Nimefungua faili yake kabisa. Mwanawetu, miaka sitini na sita, sukari. Pale pa ugonjwa nimeuandika kwa jina lake, herufi kubwa. Dokta kapita, kasoma juu ya bega langu. Nikangoja. Akaenda stoo, akarudi na ule mtungi mdogo uliofichwa kwa ajili ya wanaojifungua, akauweka miguuni pangu. "Urudi nao," kasema. Zuhra kabaki na wodi peke yake. Hajalalamika. Hajakohoa pia.

Saa sita na nusu. Nyamisati. Nimekaa gatini na mtungi, dereva wa bajaji anangoja kule juu, hataki kusogea. Haya, asisogee. Naandika ili nisitazame bahari. Safari ni saa mbili. Kama Saadi katoka saa nne na nusu, ni sasa hivi. Kama katoka na Mama. Kama katoka na watu kamwacha Mama, nitamwelewa. Simsamehe, ila nitamwelewa. Hapana. Sijui. Sijui nitafanya nini.

Mashine inasikika.

Ni boti yake, ubavu wa bluu. Inakuja pua imezama, mbele kuzito. Watu wamejazana mbele wote, wamebanana, vitambaa usoni. Nahesabu. Siamini, nahesabu tena. Kumi na wanane. Na yule wa kichanga yumo, kakaa ncha kabisa, kaupa upepo mgongo kumkinga mtoto. Hakuna aliyeshuka! Ya Rabi, wameambiwa, na hakuna aliyeshuka hata mmoja!

Nyuma ni Saadi kashika mashine, kajifunga shati puani. Miguuni pake wamemlaza Mama. Wamemfunika kanga mpaka kichwani.

Labda wanamkinga jua.